Kabla Hujashusha Injini: Gari la Dizeli Lililochoka kati ya Bukoba na Muleba

Kila mwaka kahawa inapoanza kuiva, kuanzia mwezi wa Mei, gereji za Bukoba na Muleba hujaa Canter, Hilux na Land Cruiser zilizofunguliwa boneti. Wanunuzi wa kahawa, wasafirishaji wa ndizi na wenye Hiace za abiria wanakaa pembeni wakisubiri fundi atamke. Naye mara nyingi hutamka lilelile: "Mzee, injini imechoka. Tushushe." Kuanzia hapo mwenye gari analala na maswali mawili. Atoe shilingi ngapi? Au auze, aongeze pesa, atafute jingine?

Makala haya nimeyaandika kwa ajili yake, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba asianze na injini. Karibu wote tunaanza nayo kwa sababu ndiyo inayopiga kelele, ndiyo inayotoa moshi, na ndiyo inayomlaza mtu njiani Kyamyorwa usiku mzigo ukiwa juu. Lakini injini ni kitu cha kufungua na kufunga. Ikifa, hushushwa na nyingine ikapandishwa, gari likaendelea na maisha yake. Chesisi haina mbadala wa namna hiyo. Kwa hiyo kagua chesisi kwanza, kisha jiulize gari linafanya kazi gani, na injini uiache iwe ya mwisho. Wengi wanaokwenda kinyume na mpangilio huu hufunga injini ya mamilioni ndani ya gari ambalo halikubakiwa na mwaka mmoja.

Hapa Bukoba tunao mfano mkubwa wa jambo hili, na unaelea ziwani. Meli ya MV Victoria ilianza kubeba watu kwenye Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2014 ilisimama kwa ubovu, na kwa miaka sita haikubeba wasafiri wa Mwanza na Bukoba. Haikukatwakatwa ikauzwa kuwa chuma chakavu. Bodi lake lilibakizwa, injini mpya zikafungwa, mifumo mingine ikabadilishwa, na mwezi Agosti 2020 ikarudi Kemondo na Bukoba kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Umri wa karibu miaka 60 haukuizuia, kwa kuwa kilichokuwa kimekufa kilikuwa kinabadilishika, na kisichobadilishika kilikuwa bado kinafaa. Gari lako la dizeli lihukumiwe kwa kipimo hichohicho.

Sasa twende chini ya gari. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukiacha lami tu unakutana na udongo mwekundu unaonata. Chesisi za Hilux, Prado na Land Cruiser ni mabomba ya chuma yaliyo wazi ndani. Yana matundu ya kutolea maji, na tope letu huyaziba. Maji yanakaa humo wiki nzima, chuma kinaliwa kutoka ndani, na kwa nje rangi bado inang'aa. Magari yanayobeba samaki kutoka mialo ya Muleba yanaumia zaidi, kwa sababu maji ya barafu yanadondoka mchana kutwa juu ya chesisi na mabomba ya breki. Na kama gari liliwahi kutumika kaskazini mwa Japani, ambako wakati wa theluji hunyunyiza chumvi barabarani, lilifika Dar es Salaam kutu ikiwa tayari imeanza kazi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji kompyuta. Gari lioshwe chini kwa mashine ya maji, likauke, kisha lipandishwe juu ya mtaro wa gereji. Chukua nyundo ndogo na bisibisi nene. Anzia nyuma, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli, maana hapo ndipo Hilux na Prado huanza kuoza. Gonga polepole, hatua kwa hatua, ukienda mbele. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali unaorudi. Chuma kilichokwisha hutoa mlio mfupi uliokufa, na ukikandamiza bisibisi inazama au vinaanguka vipande vyembamba vya kutu. Kwenye Canter angalia hasa vishikio vya springi na sehemu ya nyuma ya kabini, ambako ufa mwembamba huanzia kwenye tundu la boliti na kupanda juu kidogo kidogo. Umulike kwa tochi ya simu, usiutegemee mwanga wa mchana. Hiace haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chesisi. Kwa hiyo inua mazulia, tazama sakafu chini ya viti vya abiria na kingo za milango. Sakafu iliyooza kwenye Hiace ni chesisi iliyooza.

Viraka pia vina lugha yake. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri, mbali na vishikio vya springi na boksi la usukani, si msiba. Viraka juu ya viraka, au bamba lililochomelewa pale springi inaposhika, ni hukumu. Na kama unanunua gari na kukuta chesisi imepakwa rangi nyeusi mbichi kuanzia mbele hadi nyuma, omba ruhusa ya kukwangua mahali pawili. Muuzaji akikataa, ondoka.

Chesisi ikiwa imeoza, maswali mengine yote yamekwisha. Usishushe injini, usinunue giaboksi, usipake rangi. Uza vipuri vilivyo vizima kimoja kimoja au tafuta mwenye chesisi nzima anayehitaji injini yako. Najua inauma, hasa kama gari hilo ndilo lililosomesha watoto. Bado nakusihi usitie pesa hapo.

Chesisi ikiwa nzima, swali la pili ni kazi. Gari linalokwenda kanisani Jumapili na shambani Jumamosi linaweza kuishi na injini inayokula oili kidogo kwa miaka. Canter inayopanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu tupu na kushuka na magunia, au Hiace yenye ratiba, haiwezi. Kwa gari la biashara, gharama kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye risiti ya duka la vipuri. Ni siku ambazo gari limelala gereji huku dereva na utingo wanasubiri, na mteja ameshampigia mwenye gari mwingine.

Nitaeleza kwa hesabu ya mfano. Wewe weka tarakimu zako. Tuseme Canter yako, ukishatoa mafuta, dereva na utingo, inakubakizia shilingi 60,000 kwa siku ya kazi, na mwezi una siku 24 za kazi. Sasa hivi siku 6 kati ya hizo inalala gereji, na vipuri vinakula 300,000. Kila mwezi, basi, uchakavu unakuchukulia 660,000. Fundi anataka 4,500,000 kuifumua injini yote, na gari litasimama mwezi mzima, yaani utakosa 1,440,000 nyingine. Jumla ni 5,940,000. Kama baada ya hapo gari linalala gereji siku moja tu kwa mwezi na vipuri vinashuka hadi 100,000, umeokoa shilingi 500,000 kila mwezi. Pesa yako inarudi baada ya karibu mwaka.

Upande wa pili, Canter nyingine ni 38,000,000, na hii yako mbovu inauzika 12,000,000. Unatakiwa kuongeza 26,000,000. Hata kama hiyo mpya haitalala gereji hata siku moja, na vipuri vikabaki 100,000, unaokoa kama 560,000 kwa mwezi, kwa hiyo unahitaji karibu miaka minne kurudisha ulichoongeza, kabla ya kuhesabu riba ya benki au ya SACCOS. Kwa mfano huu, kutengeneza kunashinda mbali. Lakini kunashinda kwa sharti moja: chesisi, giaboksi na difu vivuke huo mwaka mmoja na kuendelea. Ndiyo maana nimesema nyundo itangulie.

Watu wengi hulinganisha bei ya matengenezo na bei ya gari. Utasikia: "Siwezi kuweka milioni tano kwenye gari la milioni kumi na mbili." Hesabu hiyo ina sura ya busara, lakini inamfaa anayetaka kuuza kesho. Anayetaka kulifanyia kazi alinganishe milioni tano na kile atakachokosa kama hana gari, na kile atakachoongeza ili apate jingine. Bei ya sokoni ya gari lako haibebi magunia.

Hesabu ya siku za kusubiri vipuri nayo imebadilika upande wetu. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na foleni ya kivuko ikaisha. Pampu iliyokosekana Bukoba na kupatikana Mwanza haisubiri tena kivuko. Kwa upande wa kaskazini, Kampala ni kama kilomita 300 kupitia Mutukula, wakati Dar es Salaam ni karibu 1,400. Soko la Kisekka pale Kampala linajulikana kwa vipuri vilivyotumika, na tangu mwaka 2017 Mutukula ina kituo cha pamoja cha forodha. Ukinunua huko, lipia ushuru na utunze karatasi. Injini isiyo na karatasi itakusumbua siku ya kubadilisha kadi.

Tuje kwenye injini yenyewe. Usikubali ihukumiwe kwa sauti peke yake. Asubuhi ya Kamachumu yenye ukungu, gari linalosumbua kuwaka linaweza kuwa na hita plagi zilizoungua tu. Moshi mweusi wakati wa kupanda mlima mara nyingi ni kisafisha hewa kilichojaa vumbi, nozo zinazomwaga badala ya kupuliza, au pampu iliyofunguliwa zaidi ili gari "liwe na nguvu". Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata moto unaonyesha dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili. Hizi ni dalili za magonjwa tofauti, na dawa zake zinatofautiana bei kwa mamilioni. Hilux nyingi zenye injini ya 3L zimeandikiwa pistoni na ringi wakati nozo nne na kichujio kipya cha dizeli vingetosha.

Vipimo unavyoweza kuvisimamia mwenyewe ni hivi. Fika gereji asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa. Fungua rejeta, washa gari, tazama maji: mapovu yanayopanda mfululizo yanakuambia gesi ya silinda imepata njia, yaani gasketi ya hedi imeungua au hedi ina ufa. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Kisha injini ikishapata moto, ikiwa silensa, fungua kizibo cha kujazia oili, kigeuze, ukilaze juu ya mdomo wake bila kukifunga. Kikitetemeka mahali pake, vumilia. Kikirukaruka na kuangushwa, na pumzi yenye moshi ikitoka kwa mapigo, ringi zimechoka au silinda zimeliwa. Tembea na gari hadi mlimani likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu injini nyingi huwa na adabu kwenye tambarare ya mjini.

Baada ya hapo mwambie fundi apime kompresheni, silinda moja baada ya nyingine, na aandike namba zote kwenye karatasi mbele yako. Tazama tofauti zaidi kuliko namba yenyewe. Silinda zote zikiwa chini kidogo lakini zimelingana, injini imezeeka kwa haki na inaweza kuendelea. Silinda moja ikiwa imeanguka peke yake, kuna kitu mahususi kimevunjika au kimeungua, na huenda ni vali tu. Fundi asiyekuwa na kipimo hiki anaweza kuwa mzuri kwa breki na bushi, ila asikushushie injini.

Weka pia daftari dogo ndani ya gari. Andika kila lita ya oili unayoongeza na kilomita zilizokuwepo. Kuongeza lita moja kwa kilomita 1,000 kwenye injini kongwe kunavumilika. Kuongeza lita kila safari ya Bukoba na Muleba kunamaanisha muda umefika. Andika na mafuta, kwa kujaza tangi hadi juu na kujaza tena baada ya safari. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi tulio mbali na bandari tunauziwa dizeli ghali kuliko wa Dar es Salaam. Injini inayokula zaidi inakuibia hapo kila siku bila kupiga kelele.

Aina ya injini nayo inaamua mengi. Land Cruiser mkonga zenye 1HZ, zile ambazo nyingi zilianza maisha zikiwa na namba za serikali (STK) au za miradi ya wafadhili (DFP) kisha zikauzwa mnadani, zina silinda 6, lita 4.2, hazina turbo, na pampu yao ni ya kimekanika. Zikipewa oili safi na mkanda wa taimingi ukibadilishwa kila kilomita 100,000, huvuka kilomita 500,000 bila kushushwa. Ukiwa nayo na chesisi ni nzima, tengeneza. Sioni sababu ya kuiuza. 4D33 ya Canter ni ya ukoo huo wa injini ngumu: haina mkanda wa taimingi, inatumia gia, na mafundi wengi wanaijua kwa mikono. 3L na 5L za Hilux na Hiace zinavumilia sana, ilimradi mkanda usikatike, kwani ukikatika pistoni hukutana na vali.

1KZ ya Prado ni nzuri lakini haisamehi joto. Rejeta ikiziba ukapanda nayo mlima mshale ukiwa juu, hedi inapata ufa. Kabla ya kununua hedi, tengeneza rejeta, feni na pampu ya maji, la sivyo hedi mpya itapasuka vilevile. 2L nayo ina sifa hiyohiyo ya kupasua hedi.

1KD, iliyo kwenye Hilux na Prado za baadaye, nataka niikalie kidogo kwa sababu inawaumiza watu wengi wasiojua. Hii ni injini ya dizeli ya kompyuta. Dizeli inasukumwa kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000, kwa hiyo maji kidogo au uchafu wa dumu unatosha kuharibu nozo. Nozo zake hazipimwi kwa macho wala kwa kuzipuliza. Zinahitaji mashine ya kupimia. Kuna ugonjwa wake mwingine wa kimyakimya: washa za shaba chini ya nozo zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanashuka hadi kwenye sampo na kuziba chujio la kufyonzea oili. Oili haipandi. Beringi zinakufa, krenki inaharibika, na mwenye gari anaambiwa injini "imejiua". Ukiwa na 1KD yenye kilomita nyingi, fungua sampo usafishe chujio hilo kabla halijakuambia lenyewe, na badilisha zile washa. Kama tayari nozo nne, pampu na turbo vyote vimekufa pamoja, piga hesabu kwa makini sana, maana hapo ndipo kubadilisha gari mara nyingi hushinda kutengeneza, hata chesisi ikiwa safi.

Ukishaamua kutengeneza, linakuja jambo la kufumua injini yako au kununua ya mtumba. Mimi huegemea kufumua, ikiwa krenki na bloku vinapimika. Injini yako unaijua. Ya mtumba ni ya mtu usiyemjua, imekaa kontena na bandani, na mara nyingi imeoshwa kwa dizeli ili ing'ae. Faida yake ni muda: siku chache badala ya wiki kadhaa, na kwa Hiace yenye leseni ya LATRA na marejesho ya mkopo, muda ni pesa kweli. Ukiichagua, isikie ikiwaka kwa masikio yako kabla hujalipa, ichungulie chini ya kizibo cha oili kama kuna ugando mweusi, izungushe krenki kwa spana uone kama inazunguka bila kukwama, na ukubaliane kwa maandishi kwamba ikifa ndani ya muda fulani inarudishwa. Kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chesisi, kwa hiyo nenda TRA na nyaraka zake ili kadi isomane na kilicho ndani ya boneti.

Ukifumua, kataa kufumua nusu. Kubadilisha ringi tu ndani ya silinda iliyoliwa ni kununua miezi michache. Silinda ipimwe, krenki ipimwe, hedi ipimwe kwa mgandamizo kama ina ufa, na kinachohitaji kuchongwa kichongwe kwenye mashine, hata kama ni lazima kisafirishwe hadi Mwanza. Nunua vipuri mwenyewe au kaa na fundi dukani. Vipuri vya zamani vyote virudishwe kwako kwenye boksi. Mlipe fundi kwa hatua, na malipo ya mwisho yatoke baada ya gari kupanda mlima likiwa na mzigo na kurudi mshale wa joto ukiwa mahali pake. Oili ya kwanza imwagwe mapema, maana ndiyo inayobeba vumbi la chuma la vifaa vipya.

Na ukiamua kubadilisha gari? Hesabu kodi kabla ya kutazama picha. Kwa gari la kutembelea kutoka Japani, ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18, na injini inayozidi cc 2,000 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na hapo karibu dizeli zote tunazozipenda zimo. Juu yake unakuja ushuru wa uchakavu kwa gari lenye umri mkubwa. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 kuingia, Uganda tangu 2018 imezuia lenye zaidi ya miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, inakutoza tu. TRA ina kikokotoo chake mtandaoni, na kinatumia thamani inayotambuliwa na TRA, si bei uliyopatana na muuzaji. Tumia kikokotoo hicho kwanza, kisha ongeza gharama za bandari na safari ya kulileta gari hadi Bukoba.

Gari la mkononi, lililokwisha kusajiliwa, ni rahisi zaidi, lakini kumbuka kwamba anayeuza dizeli yenye kilomita nyingi huenda naye alikuwa na maswali haya haya, na jibu lake likawa kukuuzia wewe. Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazama raba za pedali, usukani uliolika na kiti cha dereva. Herufi za namba zitakuambia limeingia nchini lini: namba zinazoanza na A ni za zamani, kwa hiyo kilomita 90,000 juu yake uzitilie shaka. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari, hakikisha kadi halisi ipo na haijawekwa rehani, na urudie ukaguzi wote wa nyundo, kizibo na rejeta kana kwamba hujawahi kusikia sifa zake.

Msimu nao uwe na neno. Kazi ya kushusha injini ifanyike kati ya Januari na Aprili, kabla ya kahawa. Ukisubiri hadi Juni, utalipa bei ya haraka na utapoteza siku zenye thamani kuliko zote za mwaka. Masika yakiwa yamekolea barabara za vijijini hazipitiki vizuri hata hivyo, basi gari lilale gereji wakati huo.

Hukumu yangu kwa ufupi ni kwamba magari mengi yenye 1HZ, 4D33, 3L na 5L yanayosimama leo kwenye gereji za Bukoba na Muleba yanastahili kutengenezwa, na wenye nayo wanayauza kwa hasara kwa sababu ya uchovu na maneno ya watu. Yale yenye chesisi iliyooza hayastahili hata nozo moja. Kama lako ni la kundi hili, na hasa kama ni Hiace ya abiria, nakuomba usilichomelee viraka, ukalipaka rangi na kumuuzia mtu wa Karagwe au Biharamulo ambaye hajalitazama chini. Mwambie ukweli, au livunje uuze vipuri. Watu watakaopanda gari hilo kwenye mteremko wa Kamachumu hawatakuwa na njia ya kujua ulichokiona wewe ulipokuwa chini yake na nyundo.